Kasha la Kinyonga Kuwa Kidimbwi cha Bahari

Kasha la kioo lililowahi kufugiwa kinyonga, mjusi au kobe linaweza kushika maji ya bahari, ila si kila kasha, na karibu hakuna linalofaa kujazwa hadi ukingoni. Mtu huliona limekaa tupu pembeni, kioo pande zote, akajiuliza kuna kazi gani zaidi ya kumimina maji. Kazi ipo. Kasha hilo lilitengenezwa ili mnyama asitoke. Hakuna aliyelipimia msukumo wa maji. Kwa hiyo shauri langu kwa aliyeko Unguja ni moja, na yote yatakayofuata yanaliegemea: usijaribu kuuleta mwamba wa Mnemba sebuleni. Tengeneza kidimbwi cha maji ya kupwa, kina chake kisizidi shibiri, kama vile vinavyobaki Jambiani na Paje bahari inapoondoka. Kioo kitahimili, sakafu itahimili, na viumbe wa vidimbwi wamezoea joto na taabu ambazo samaki wa mwambani hawaziwezi.

Tuanze na hesabu, maana hapa ndipo makasha hupasuka. Chukua kasha lenye urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45. Likijaa linabeba lita 182. Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025, kwa hiyo maji peke yake yanakaribia kilo 187, bado mawe, kioo na meza. Kioo cha mbele kinasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 93, yaani mtu mzima mnene amekiegemea usiku na mchana bila kupumzika. Sasa teremsha maji mpaka kina cha sentimita 20: zinabaki lita 81, na nguvu inayokisukuma kioo inashuka chini ya kilo 19. Kina kikipungua kwa nusu, msukumo haubaki nusu, unabaki robo. Makasha mengi ya watambaazi yana kioo cha milimita 4 au 5, ilhali tangi la samaki la ukubwa huo hutengenezwa kwa kioo kinene zaidi, cha milimita 8 au hata 10, tena kwa mikanda ya kioo inayozishika kuta kwa juu. Hesabu hizo ukizielewa, hutashawishika kuongeza maji "kidogo tu" ili lipendeze.

Kagua kasha lenyewe. La mbao au la ubao wa kubandika lenye kioo upande mmoja, liache; maji ya chumvi yatalifumua. Lenye milango ya kioo inayofunguka kwa mbele halitashika maji mlangoni hata uizibe vipi, lakini mara nyingi chini ya milango kuna ukanda wa kioo usiofunguka, wa sentimita 10 hadi 15. Kidimbwi chako kinaishia sentimita mbili tatu chini ya ukingo wa ukanda huo. Ukitaka kina zaidi, mpelekee fundi wa kioo na aluminiamu aing'oe milango, aweke kipande kimoja kizima cha milimita 6 au zaidi chenye kimo cha sentimita 25, na juu yake aache uwazi. Tazama pia matundu ya kupitishia waya, ambayo makasha ya namna hii hupenda kuwa nayo nyuma. Tundu lililo chini ya usawa wa maji halizibwi kwa gundi peke yake. Linabandikwa kipande cha kioo kwa ndani.

Gundi ni silikoni, na si kila silikoni. Ile ya bafuni iliyoandikwa kwamba inazuia ukungu ina dawa ndani yake, na dawa hiyo inaua. Unayotaka ni silikoni tupu, isiyo na nyongeza, ambayo ikibanwa kutoka kwenye mrija inanuka siki. Silikoni mpya haishikani na kuukuu, kwa hiyo kupaka juu ya ile ya zamani ni kupoteza pesa. Chukua wembe mpya, uulaze karibu sambamba na kioo, ukwangue mshono wa ndani polepole mpaka kidole kikipita kisikie kioo kitupu bila utelezi. Usiuingize wembe katikati ya vioo viwili. Silikoni iliyo humo ndiyo inayoshikilia kasha lisiachane. Futa kwa spiriti, bandika utepe wa karatasi pande zote mbili za pembe, bana silikoni kwa mkono mmoja usiosita, ilaze kwa kidole kilicholowana, kisha ung'oe utepe kabla haijashika. Iache wiki nzima. Silikoni hii hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, na hewa yenye unyevu Zanzibar haijawahi kuadimika.

Kabla ya gundi, lakini, kuna usafi, na hapa usiharakishe. Watambaazi hubeba salmonela hata wakiwa wazima, kwa hiyo kasha lisioshewe jikoni wala kwenye beseni la vyombo. Litoe uani, vaa glovu. Ondoa kila kitu: mchanga, magome, ule ukuta wa nyuma wa povu uliochongwa mfano wa mwamba, na mkeka wa joto uliobandikwa chini ya kioo. Mkeka huo usiuache eti huenda ukafaa. Unapasha kioo sehemu moja tu, na kioo kilicholemewa na maji hakitaki joto la namna hiyo. Kwa kuua vijidudu, changanya sehemu moja ya Jiki na tisa za maji, acha nusu saa, suuza, suuza tena, anika juani mpaka harufu iishe kabisa. Madoa meupe ya maji magumu yanatoka kwa siki, lakini siku nyingine, baada ya Jiki kwisha kabisa. Jiki na siki zikikutana hutoa gesi ya klorini, na chumba cha Mji Mkongwe chenye dirisha moja si mahali pa kuijaribu.

Lipo jambo ambalo Jiki haiondoi. Wafugaji hupulizia makasha dawa ya utitiri na kupe, na nyingi ya dawa hizo ni za jamii moja na dawa za mbu. Mjusi anaweza kuzistahimili. Kaa, kamba na samaki huzifia kwa kiasi kidogo sana, na silikoni huzinyonya na kuzitoa taratibu. Hapa Unguja nyumba nyingi zimewahi kupuliziwa dawa ukutani katika kampeni za malaria tangu 2006, na kopo la kupuliza mbu liko karibu kila nyumba. Muulize aliyekuuzia au kukuachia kasha alikuwa akitumia nini. Akisita kujibu, kwangu hilo ni jibu tosha: kasha hilo ling'olewe silikoni yote ya ndani, au lifanywe kabati la vitabu. Na baada ya kidimbwi kuanza, asipulize mtu dawa chumbani humo, wala udi wa mbu usiwashwe karibu na pampu ya hewa, maana pampu huvuta hewa ya chumba na kuiingiza majini.

Jaribio la maji lifanyike uani, kwa maji ya kawaida. Weka kasha juu ya ubao ulionyooka, chini yake tandaza gazeti. Jaza robo, ngoja saa moja, jaza hadi kina ulichokikusudia, kisha vuka kidogo, sentimita tatu hivi. Liache siku tatu. Mvujo mdogo hauonekani kwenye kioo, unaonekana kwenye gazeti: doa la kijivu lililojikunja ukingoni, mara nyingi kwenye pembe ambayo ulidhani umeimaliza vizuri. Weka rula juu ya kioo cha mbele, ikiwa imelala. Ukiona mwanga katikati kati ya rula na kioo, kioo kimefanya tumbo, punguza maji.

Wapi pa kuliweka ni swali linalomhusu zaidi anayekaa Mji Mkongwe kuliko wa Mwanakwerekwe au Fuoni mwenye sakafu ya zege. Sakafu za ghorofa katika nyumba za zamani zimelala juu ya boriti za mikoko, na vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti hazina urefu wa kutosha kuvuka mbali. Juu ya boriti yamepangwa mawe na kumiminwa chokaa, mzigo ambao tayari ni mkubwa. Tangu sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iporomoke Desemba 2020, hakuna mjini asiyejua kwamba mawe na chokaa vina mpaka wake. Ukiweza, weka kidimbwi chini, kwenye ukumbi. Ukilazimika kukaa juu, liweke karibu na ukuta ambamo ncha za boriti zimeingia, na urefu wa kasha uzikate boriti ili uzito ugawike kwa nyingi badala ya kulalia moja au mbili. Miguu minne ya meza isikanyage sakafu moja kwa moja. Iwekewe ubao mpana. Kati ya kasha na meza laza kipande chembamba cha foamu kimeze punje za mchanga, kwa sababu punje moja chini ya kioo inatosha kuanzisha ufa.

Kinachoziangusha nyumba hizi mara nyingi ni maji yanayozilowesha ncha za boriti ndani ya ukuta mpaka zioze. Tone linalodondoka kila siku nyuma ya kasha, mahali usipopaona, ni hatari kuliko ndoo nzima iliyomwagika mbele yako ukaifuta. Chumvi nayo ina balaa lake: inaingia ndani ya lipu ya chokaa, inakauka na kufanya fuwele, inaibandua lipu vipande vipande. Acha nafasi ya kupitisha mkono kati ya kasha na ukuta, weka sinia pana ya plastiki chini, na kila ukifuta vumbi upitishe kitambaa huko nyuma.

Maji yenyewe ni neema ambayo wafugaji wa samaki wa Ulaya wanainunua kwa njia ya chumvi ya maboksi. Sisi tunayo nje ya mlango. Ila usichote Forodhani wala Mizingani. Maji machafu ya Mji Mkongwe huishia baharini hapo, na dizeli ya vyombo bandarini inamalizia. Nenda upande wa mashariki au kusini, mbali na hoteli na mdomo wa mto, siku za bamvu, maji yakiwa yanajaa, kwa sababu yanayoingia yanatoka nje ya mwamba na ni masafi kuliko yanayotoka. Masika usichote baada ya mvua kubwa: maji matamu huelea juu ya ya chumvi, na dumu lako litakuwa na bahari iliyozimuliwa. Tumia madumu yaliyokuwa na maji ya kunywa, si ya mafuta ya taa. Kidimbwi cha lita 81 kikishawekwa mawe kinahitaji madumu manne ya lita 20 au pungufu. Yachuje kwa kitambaa cheupe kisicho na sabuni, yafunike, yaweke gizani wiki moja ili vijidudu visivyopata mwanga vife na uchafu utuame. Ukipima kwa haidromita yasome kati ya 1.023 na 1.026. Chumvi ya jikoni haiwezi kufanya kazi hii. Bahari ina kalisi, magnesi na mengine ambayo pakiti ya mezani haina.

Mawe usiyatoe baharini. Kuvunja matumbawe hai ni marufuku, na biashara yake nje ya nchi inabanwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Halafu ni upuuzi, kwa sababu upande mkubwa wa Unguja, ile ardhi ya uwanda tunayoikanyaga Makunduchi na Muungoni, ni matumbawe ya kale yaliyokwisha kuwa jiwe. Nunua mawe machache machimboni, yenye matundu mengi, yasiyowahi kujengewa. Jiwe lililotoka kwenye ukuta uliobomoka lina chokaa na saruji, na hivyo hupandisha ukali wa maji mpaka yakaunguza. Mawe uliyonunua yaloweke wiki nzima kwa maji matamu ukiyabadilisha maji kila siku. Yapange yaegemeane, mengine yatokeze juu ya maji, ili kaa wapate pa kupanda. Mchanga wa pwani nao usiuchote. Mimi napendelea sakafu tupu, hasa kwa anayeanza, kwa kuwa uchafu unaonekana na unavutwa kwa mpira mwembamba kwa dakika chache. Watoto watalalamika haipendezi. Waache walalamike.

Badala ya chujio la gharama, tumia mwani. Kilimo chake kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na leo ukimwendea mkulima wa huko atakuuzia konzi ya mwani wa aina ya spinosamu kwa pesa kidogo. Ufunge kwa uzi kwenye jiwe, karibu na mkondo wa pampu, chini ya taa nyeupe ya LED inayowaka saa 8 hadi 10 kwa siku. Mwani unakula amonia na naitreti zinazotokana na choo cha samaki, na ukikua unaukata na kuutoa, nao uchafu unatoka pamoja. Tawi likigeuka jeupe na laini, lile wanaloliita aisi-aisi, likate siku hiyo hiyo. Likiozea majini linarudisha kila ulichokitoa. Taa za zamani za kinyonga, ile ya kuota joto na ile ya mionzi, zisirudi. Zile hupasuka zikirukiwa na tone la maji.

Sasa subira. Maji, mawe na mwani vikae wiki 4 hadi 6 bila mnyama yeyote. Tia kipande kidogo cha nyama ya kamba kioze humo. Bakteria watakaokuja kuila amonia, kisha naitraiti, ndio mtambo wa kidimbwi chako, na hawaji kwa kuitwa. Vipimo vya amonia na naitraiti ni vya kuagizwa, pengine Dar es Salaam au Dubai, lakini usivikwepe. Vyote viwili vikisoma sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, ndipo uwaze viumbe.

Na viumbe wawe wachache. Kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, konokono wachache wala majani, na samaki mmoja au wawili wa vidimbwi wasiozidi kidole. Kabla ya kuokota chochote zungumza na kamati ya wavuvi ya shehia na uulize masharti kwa maofisa wa uvuvi; Chumbe hakuokotwi hata kombe. Kitatange anavutia, lakini wengi wa jamii yake hula matumbawe hai na watakufa njaa mbele ya macho yako. Kikande atawang'ata wenziwe. Pweza atatoka usiku kupitia tundu ambalo ungeapa halimtoshi, na utamkuta mkavu sakafuni. Jongoo wa bahari akifa anaweza kuutia sumu mzigo wote wa maji. Konokono mwenye kombe la umbo la pia, lenye michoro mizuri, usimshike kabisa. Wapo ambao mchomo wao umeua watu. Na kwa kuwa kasha lilikuwa la mtambaazi, nalitamka wazi: mtoto wa kasa asiingie humo. Kasa analindwa na sheria, na anayetaka kuwaona karibu aende kwenye bwawa la Mnarani, Nungwi.

Joto ndilo adui wa kaskazi. Kuanzia Januari hadi Machi chumba kilichofungwa kitayapandisha maji kupita nyuzi 32, na hapo hata wa vidimbwi wanachoka. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huyashusha nyuzi mbili tatu, lakini inayakausha, na yanayokauka ni maji, chumvi inabaki. Kwa hiyo weka alama kwa wino kwenye kioo, na kila asubuhi ongeza maji matamu mpaka kwenye alama: ya mvua, au ya bomba yaliyokaa wazi kutwa nzima ili klorini itoke. Maji ya chumvi yaingie wakati wa kubadilisha tu, lita 10 hadi 15 kwa wiki. Yanayotoka mwaga chooni. Usiyamwage shambani, wala karibu na kisima. Ule wavu wa waya uliofunika kasha zamani utupe, kwa kuwa kutu, zinki na shaba vitadondokea majini. Tumia wavu wa plastiki.

Umeme, mwisho, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kukatika. Kisiwa kilichokaa gizani kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010 kwa hitilafu ya umeme unaotoka Bara hakina haja ya kuelezwa. Weka pampu ya hewa ya betri, na ujue kwamba maji ya kina kifupi yenye uso mpana yanavuta hewa yenyewe kuliko tangi refu, hivyo una saa nyingi zaidi za kujipanga. Ya pili ni usalama wa mtu. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno. Soketi iwe juu ya usawa wa maji au pembeni, kamwe si chini yake. Kila waya ulegezwe ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni. Na fundi aweke swichi inayojikata umeme ukivuja. Mkono hauingii majini kabla plagi haijachomolewa.

Kioo kikipasuka usiku, zima kwanza kwenye swichi kuu, ndipo ukanyage maji. Kisha waokoe viumbe: madumu mawili matupu na ndoo yenye kifuniko vikae daima chini ya meza, pamoja na mpira wa kuvutia maji, na kila mtu nyumbani aonyeshwe swichi kuu iko wapi.